Siku sita Italia na mama mwenye magoti: anzeni Ijumaa, malizeni Jumatano

Dada, kwanza mfikishie mama shikamoo yangu. Barua yako ilikuwa ndefu, kwa hiyo naifupisha hapa ili na wengine wenye safari kama yenu wafuate. Oktoba unasafiri na mama, mwenye miaka 71, kumtembelea kaka yako anayeishi München. Mtakuwa Ulaya wiki mbili, na ndani ya hizo kaka amejitolea kuwapeleka Italia siku sita pamoja na mkewe na watoto wao wawili, mmoja wa miaka 9 na mwingine wa 14. Ameshachora ramani: gari la kukodi la viti tisa, kisha Milano, Venezia, Pisa, Firenze, Roma, na Napoli ikiwezekana. Mama, mzaliwa wa Bukoba, magoti yake yamechoka na ngazi anapanda kwa kushika ukuta. Katika Italia nzima anataka jambo moja: kuingia Kanisa la Mtakatifu Petro na kumwona Papa kwa macho yake. Wifi yako ni Mwislamu, hali nguruwe. Unauliza kama ratiba ya kaka inatekelezeka, na viza muombe ubalozi gani.

Ratiba ya kaka inatekelezeka kwa dereva. Kwa mama haitekelezeki. München hadi Napoli ni zaidi ya kilomita elfu moja kwenda tu, kabla hujaongeza mchepuko wa Milano na Pisa. Nimewatembeza wageni Roma na miji ya jirani kwa miaka kumi na minne, wengi wao familia za nyumbani zilizokuja na wazee, na nimeona yaleyale mara nyingi: miji ikizidi siku, mzee anabaki garini analinda mabegi huku wengine wanakimbia kupiga picha.

Ushauri wangu ni kulala miji miwili tu. Venezia usiku mbili, kwa sababu iko njiani mkitoka München, na Roma usiku tatu. Firenze muipe mchana mmoja katikati ya hiyo miwili. Milano, Pisa na Napoli ziacheni kabisa. Mwende kwa treni, mrudi kwa ndege. Na siku mzipange kwa kuanzia mwisho: Papa akiwa Roma, kwa kawaida hupokea mahujaji asubuhi ya Jumatano, na siku hiyo kuna viti. Jumapili saa sita mchana huwa anasali Malaika wa Bwana kutoka dirishani na hakuna haja ya tiketi, lakini watu wengi wanasimama, na mama hawezi kusimama saa nzima. Kwa hiyo ondokeni München Ijumaa, mmalizie Roma Jumatano.

Viza haina utata. Viza ya Schengen huombwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Nyinyi ni siku nane Ujerumani na sita Italia, basi ni Ujerumani. Usimsikilize atakayekwambia muombe kwa Waitalia kwa sababu huko ndiko mtakakotembea. Katika maombi elezeni wazi kwamba mtapita Italia, na muambatanishe nafasi za kulala mlizoshika. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Maombi hupokewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasichelewe kupita siku 15 kabla, lakini kwa mtu mwenye kaka wa kumdhamini ningependa muombe miezi mitatu kabla. Bima ya safari iwe ya kuanzia euro 30,000 na ihusu nchi zote za Schengen, si Ujerumani peke yake. Kaka aende ofisi ya wageni ya mji wake aombe hati ya dhamana ya gharama, Wajerumani huiita Verpflichtungserklärung. Viza hiyohiyo itawaingiza Italia bila kugongwa muhuri mwingine, ila pasipoti muwe nazo mkononi, si kwenye begi la juu, maana askari hupita ndani ya treni pale Brenner, mpakani mwa Austria na Italia.

Sasa gari. Najua kaka ataona namwonea, kwa hiyo umsomee sehemu hii polepole. Venezia magari hayaingii. Gari mtaliacha maegesho ya Piazzale Roma au bara na mtalilipia siku zote mbili likiwa limelala. Firenze na Roma zina maeneo ya katikati yaitwayo ZTL, ambako gari lisilo na kibali haliruhusiwi kuingia saa fulani. Hakuna geti wala askari wa kukupungia mkono. Kuna kibao cha duara jekundu chenye maandishi ya Kitaliano, na kamera juu yake. Familia moja niliyoipokea ilitafuta hoteli yake ndani ya Firenze kwa dakika ishirini, ikapita chini ya kamera ileile mara tatu. Walifurahi kweli siku ile. Miezi kadhaa baadaye wakapokea bahasha tatu za faini nyumbani kwao, na kampuni ya gari ikawa imeshakata ada yake kwa kazi ya kutoa jina la dereva. Pesa hiyo ingewatosha tiketi za treni za watu wote.

Treni kutoka München kwenda Venezia moja kwa moja ipo, inakatiza milima ya Alpi kupitia Brenner, na inachukua muda wa saa sita na nusu hivi. Mama atakaa dirishani, miguu ameinyoosha, choo kiko hatua chache. Vituo vikubwa vya Italia vina ofisi inayoitwa Sala Blu, inayowahudumia bure wasafiri wenye shida ya kutembea: wanakuja na kiti cha magurudumu na, ikibidi, na mashine ya kumpandisha behewani bila kukanyaga ngazi. Huduma hii huombwa kabla, si siku ileile. Kaka aombe huduma ya namna hiyo upande wa Ujerumani pia. Na wewe uliambie shirika la ndege mapema, angalau siku mbili kabla ya kuruka, kwamba mama atahitaji kiti uwanjani. Asione haya. Kile kiti ndicho kitakachomfikisha akiwa na nguvu.

Kabla ya miji yenyewe, jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko tiketi zote: ngazi za nyumba mtakayolala. Mwaka mmoja nilimpokea mzee kutoka Tanga ambaye wanawe walimkodia fleti nzuri sana, picha zinang'aa, karibu na kila kitu. Ghorofa ya nne, bila lifti. Majengo ya zamani ya Roma yana dari za juu, kwa hiyo ghorofa moja ni sawa na moja na nusu ya kwetu, na ngazi zake ni za mawe yaliyolika katikati kwa miguu ya karne kadhaa. Mzee alifika ya pili akakaa kwenye ngazi, akavua kofia, akaiweka gotini, akasema, "Nyie endeleeni. Mimi hapa pananitosha." Hakuwa anatania. Alifika juu baada ya nusu saa, na siku zote tatu alishuka mara moja kwa siku, akishashuka hakutaka kurudi mpaka usiku, hata alipochoka. Basi muulize mwenye nyumba kwa maandishi: C'è l'ascensore? Akikujibu lifti ipo, mwombe picha ya mlango wa nje na picha ya lifti yenyewe, kwa sababu nyumba nyingi zina ngazi saba au nane kabla hujaifikia. Akikataa kutuma picha, tafuteni pengine.

Venezia watu watakutisha nayo, kwamba imejengwa juu ya visiwa zaidi ya mia na ina madaraja zaidi ya 400, karibu yote ya ngazi. Ni kweli. Lakini ndio mji pekee kati ya hii ambao mama anaweza kuuona wote akiwa ameketi. Barabara yake kuu ni maji. Boti za abiria, vaporetto, ndizo daladala zao, na boti namba 1 inapita Mfereji Mkuu kutoka kituo cha treni hadi Uwanja wa San Marco kwa kama dakika 45, ikisimama kila upande. Tiketi ya safari moja ni euro 9.50, ghali kupita kiasi, kwa hiyo nunueni ya saa 48, euro 35 kwa mtu. Pandeni jioni mkishatua mabegi. Mtapita chini ya daraja la Rialto, lile la jiwe lililokamilika 1591, na majumba ya wafanyabiashara yenye milango inayofungukia majini kama vile jahazi ndiyo gari lao. Mwenye nyumba ya Venezia mumuulize swali la ziada: kutoka kituo cha vaporetto hadi mlangoni kwako kuna madaraja mangapi? Jibu linalokubalika ni moja tu: hakuna.

Jumamosi asubuhi nendeni San Marco mapema, kabla wageni wa siku moja hawajamwagika kutoka kwenye treni. Muonesheni mtoto wa miaka 14 farasi wanne wa shaba. Waliletwa kutoka Konstantinopoli baada ya jeshi la Vita vya Msalaba kuuteka na kuupora mji huo mwaka 1204. Walio nje juu ya mlango ni nakala, wa asili wako ndani. Msikae kwenye ngazi za uwanjani, inakatazwa na mnatozwa faini, na msikae kwenye viti vya mikahawa ya pale bila kusoma bei, kwani muziki unaopigwa unaingia kwenye bili yenu.

Gondola: bei iliyowekwa na manispaa ni euro 90 mchana kwa nusu saa, na inabeba watu watano. Nyinyi ni sita. Badala ya kukodi mbili, au kumwacha mtu ukingoni, tafuteni traghetto: gondola kubwa ya wenyeji inayovusha watu ng'ambo ya Mfereji Mkuu kwa euro 2. Ni kivuko, dakika chache tu, lakini watoto watakuwa wamepanda gondola na mtaokoa fedha ya chakula cha jioni. Mama mumuangalie anaposhuka, ule mtikisiko ni uleule wa mtumbwi wa Ziwa Victoria na yeye huenda akauweza kuliko nyie.

Mchana, wifi akitaka dukani, nendeni Murano kwa boti. Mafundi wa vioo walihamishiwa kisiwani huko mwaka 1291 kwa hofu ya tanuri zao kuunguza mji. Hili nawaeleza wageni wa nyumbani kila mara kwa sababu linatuhusu: sehemu kubwa ya ushanga wa kioo uliobebwa na misafara ya karne ya 19, kutoka Zanzibar na Bagamoyo kuingia bara, ulitengenezwa na Waveneto. Kule bara ulikuwa fedha kamili, unanunua chakula, unalipa ushuru wa kupita, unabadilishwa na pembe za ndovu. Rangi ikikosewa msafara unalala njaa, kwa kuwa kila eneo lilikuwa na ushanga linaoupenda. Bibi yake mama huenda aliuvaa. Kuwa macho tu na vioo vya bei poa karibu na kituo cha treni. Vingi havikutengenezwa Murano.

Na kwa kuwa Jumapili ni siku ya kusafiri, mama aende Misa ya Jumamosi jioni hapohapo Venezia. Inahesabika ya Dominika.

Firenze nitaipitia haraka, na kuna wataalamu wenzangu watakaonilaumu. Treni ya mwendo kasi kutoka Venezia ni muda wa saa mbili na robo. Mabegi muyaache kwenye hifadhi ya mizigo ndani ya kituo cha Santa Maria Novella. Kutoka hapo hadi kanisa kuu ni mwendo wa dakika kumi kwa kijana, ishirini kwa mama, na njia ni tambarare. Kuba lile jekundu lilijengwa na Brunelleschi kati ya 1420 na 1436. Kupanda juu ni ngazi 463 bila lifti, kwa hiyo msianze hata kulijadili. Jumapili watalii hawaingizwi kanisani, lakini uzuri wake mkubwa uko nje, kwenye marumaru nyeupe, kijani na waridi. Mchukulieni mama kiti kwenye mkahawa unaotazamana nalo, anywe kahawa yake taratibu. Wengine wasogee Piazza della Signoria kumwona Daudi wa Michelangelo. Aliyesimama pale ni nakala, lakini yuko mahali alipokaa wa asili tangu 1504 hadi 1873, alipohamishiwa jumba la Accademia. Kisha mle, mpite kutazama Ponte Vecchio, daraja la 1345 lenye maduka ya sonara juu yake, na alasiri mpande treni ya Roma, saa moja na nusu. Tiketi ya kipande hiki cha pili msinunue ile ya bei ya chini kabisa isiyobadilishwa. Mama akichoka saa nane mchana, muwe na uhuru wa kupanda treni ya mapema.

Roma laleni mtaa wa Prati. Ni tambarare, njia za miguu ni pana, na Vatikano ni mwendo mfupi. Katikati ya mji wa kale barabara zimetandikwa sampietrini, vijiwe vyeusi vya volkano, kila kimoja kama ngumi, na nafasi kati yake inameza gurudumu la begi na ncha ya mkongojo. Mama avae raba zenye soli nene, hata na gauni lake zuri. Maji msinunue: mji una bomba za chuma za mtaani, nasoni, karibu 2,500, zinatiririka maji safi ya kunywa usiku na mchana. Ukiziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yanaruka juu kupitia tundu dogo, unakunywa bila kuinama. Mtoto wa miaka 9 mkimfundisha hilo atadai kiu kila kona.

Jumatatu ni ya Warumi wa kale. Colosseum lilifunguliwa mwaka 80 baada ya Kristo. Tiketi ya kawaida ni euro 18 na inahusu pia magofu ya Foro, uwanja mkuu wa Roma ya kale, na kilima cha Palatino. Walio chini ya miaka 18 hawalipi, ila nao lazima wawe na tiketi yao. Tiketi zina majina, na jina lifanane na pasipoti, kwa hiyo usiandike "Mama" wala jina la utani. Huanza kuuzwa siku 30 kabla na zinaisha upesi. Kaka aweke kengele kwenye simu. Lifti ipo ndani. Foro, kinyume chake, ni mawe yaliyopinda na vumbi, mama asiingie. Barabara ya Via dei Fori Imperiali inapita juu yake, ni tambarare, na kutoka ukingoni unayaona magofu yote. Kaka ashuke na watoto, wewe na wifi mkae naye juu.

Kisha teksi hadi Pantheon, ambako kiingilio ni euro 5. Hapa naomba msiharakishe. Ni hekalu lililokamilishwa enzi za Kaizari Hadrian, karne ya 2, baadaye likawa kanisa, na kuba lake la zege lisilo na nondo lina kipenyo cha mita 43.3, hakuna la aina yake kubwa kuliko hilo duniani mpaka leo. Kadiri linavyopanda, wajenzi walilifanya jembamba zaidi na kuchanganya mawe mepesi ya volkano. Juu kabisa kuna tundu wazi la kama mita tisa. Mvua ikinyesha inaingia ndani, na sakafuni kuna vitundu vya kuyanywa maji yale. Wakati wa adhuhuri duara la mwanga linatembea ukutani taratibu kama saa. Viti vipo. Mgeni mmoja, mama wa makamo kutoka Kilwa Kivinje, alikaa pale akaniambia ameikumbuka mihimili na kuba za msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani, alikopelekwa akiwa mwanafunzi. Tulikaa dakika arobaini. Ile ndiyo sehemu aliyoitaja alipoagana nami, si Colosseum.

Jumanne asubuhi na mapema, Mtakatifu Petro. Kuingia ni bure, lakini foleni ya ukaguzi saa nne inaweza kuzunguka uwanja. Fikeni saa moja na nusu. Mabega na magoti yafunikwe, wanaume kwa wanawake. Ukiingia, kulia mara moja, nyuma ya kioo, ndiyo Pietà ya Michelangelo: Bikira Maria amempakata Mwanawe aliyekufa. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu alipoichonga. Kikanisa kinachofuata ndipo alipozikwa Yohane Paulo wa Pili. Mama alikuwa mtu mzima Papa huyo alipokuja Tanzania Septemba 1990, mwacheni hapo akae na kumbukumbu zake. Mbele zaidi kuna sanamu ya shaba ya Mtakatifu Petro ambayo mguu wake umelika kwa kuguswa na mahujaji. Kaka na watoto wanaweza kupanda kubani: lifti inapunguza ngazi kutoka 551 hadi 320. Makumbusho ya Vatikano na dari ya Kikanisa cha Sistina msimpeleke mama. Ni mwendo mrefu ndani ya msongamano. Wifi au kaka aende na yule wa miaka 14 mchana mama akiwa amelala.

Jioni mpelekeni Santa Maria Maggiore, karibu na stesheni ya Termini. Papa Fransisko aliomba azikwe huko, na akazikwa Aprili 2025. Kaburi ni jiwe tupu lenye neno moja, Franciscus. Na kwa kuwa mama ni mtu wa Bukoba: ng'ambo ya mto, mtaa wa Trastevere, kuna kanisa dogo la San Francesco a Ripa. Ndilo alilokabidhiwa Laurean Rugambwa alipofanywa kardinali mwaka 1960, Mwafrika mweusi wa kwanza wa zama hizi kupewa daraja hilo. Watalii hawalifahamu. Mama atalifahamu.

Jumatano yenyewe. Tiketi za kumwona Papa ni bure na huombwa kwa ofisi ya Vatikano iitwayo Prefettura della Casa Pontificia. Anayekuuzia tiketi anakuibia. Mkishakubaliwa, mnazichukua kwa walinzi wa Uswisi pale Mlango wa Shaba alasiri ya Jumanne. Tiketi haikupi kiti maalumu. Anayewahi ndiye anayekaa mbele. Mkutano huanza kama saa nne, nyinyi muwe kwenye ukaguzi kabla ya saa moja na nusu. Kama mama atakuwa kwenye kiti cha magurudumu, waambieni wahudumu mlangoni mara mkifika. Wana sehemu yao, na mara nyingi ni nzuri kuliko ya waliokesha. Kabla ya kukata tiketi za ndege angalieni ratiba ya Papa ya wiki hiyo, asije akawa safarini. Mkimaliza, mle mchana bila haraka, mabegi yachukuliwe, ndege ya jioni kurudi München.

Chakula cha wifi. Pasta za Roma zenye majina makubwa, carbonara, amatriciana na gricia, zote zina guanciale, nyama ya shavu la nguruwe, hata kama huioni. Cacio e pepe haina. Ni jibini na pilipili manga. Mchuzi wa ragù mara nyingi umechanganywa nyama mbili, aulize. Neno la kushika ni senza maiale, bila nguruwe. Firenze wanauza mkate wa lampredotto, tumbo la nne la ng'ombe lililochemshwa. Anayependa supu ya utumbo atafurahi, ingawa si ya kuchinjwa kihalali na uamuzi ni wake. Nyama halali Roma mtaipata kwa urahisi pande za Piazza Vittorio. Jambo linaloumiza wageni zaidi ni saa za kula: mikahawa mingi inafunga jiko kama saa tisa alasiri mpaka saa moja usiku. Kwa mama na mtoto wa miaka 9, kila asubuhi nunueni mikate na matunda ya kubeba.

Kuhusu saa, andikeni zote kwenye kundi lenu la WhatsApp kwa mtindo wa tiketi: 09:25, 15:10. Niliwahi kuwaambia familia tukutane "saa tatu" na kijana aliyekulia Ulaya akaelewa mchana. Walikosa treni, na tiketi zikapotea. Watoto wa kaka wamekulia huko. Mama saa yake ni ya nyumbani.

Fedha muwe na mfuko mmoja wa matumizi ya kila siku, kila mtu mzima atie sawa asubuhi, ashike mtu mmoja, na kaka asiachiwe kila bili kwa kuwa ndiye mwenyeji. Mengine mgawane. Hamlazimiki kutembea kama msafara. Kila siku mtu mmoja awe wa mama, kwa zamu, wengine waende. Kwenye metro ya Termini mikoba iwe mbele ya kifua.

Na umfungie mama khanga mbili kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku. Moja ya kufunika mabega kanisani. Nyingine ya kukunja na kukalia, maana viti vya Uwanja wa Mtakatifu Petro asubuhi ya Oktoba vina umande.